Vyakula vya GMO: tunakataa nini hasa, na tunakijua kwa kiasi gani?

Katika soko la Chake Chake, mteja akikuta tungule kubwa, ngumu, zilizofanana rangi na zisizoharibika upesi, neno linalomjia kinywani siku hizi ni GMO, yaani kiumbe kilichobadilishwa vinasaba (maelekezo ya urithi yaliyomo mwilini mwake) kwa njia ya maabara. Mimi hulisikia neno hilo kwa wauza mboga, kwa akina mama wanaochagua mapapai na kwa wazee wanaozungumza barazani baada ya sala ya Alasiri. Hulisikia zaidi darasani, kwa kuwa nafundisha biolojia katika skuli ya sekondari hapa Pemba, na kila ninapofika kwenye mada ya urithi, mkono wa kwanza kuinuka huwa wa mwanafunzi anayetaka kujua kama tikiti lisilo na mbegu lina madhara mwilini. Naandika makala hii kwa sababu nimeridhika kwamba hofu yetu juu ya vyakula vilivyobadilishwa vinasaba, kwa sehemu kubwa, imeelekezwa kwenye vitu visivyohusika, huku vile vinavyoweza kuhusika vikiingia majikoni bila ya mtu kuuliza. Anayekataa kwa namna hii hajafanya uamuzi, na anayekubali kwa namna hii naye hajafanya uamuzi.

Nianze na hizo tungule, maana ndizo zinazoshutumiwa zaidi. Tungule iliyobadilishwa vinasaba iliwahi kuuzwa kweli: iliitwa Flavr Savr, ilitengenezwa na kampuni ya Calgene na kuingia madukani nchini Marekani mwaka 1994, lakini haikudumu sokoni. Tungule tunazozikuta Chake Chake, Wete au Mwanakwerekwe hazina uhusiano wowote nayo. Ugumu wake unatokana na mbegu chotara, yaani mbegu zinazopatikana kwa kupandanisha mitungule ya koo mbili tofauti, na wazalishaji wa mbegu hizo walichagua kwa makusudi tunda lenye ganda gumu ili livumilie safari ya gari na chombo cha baharini. Anayelalamika kwamba hazina ladha ya tungule za zamani ana haki ya kulalamika, ila mlalamikiwa wake ni mwingine.

Tikiti lisilo na mbegu nalo ni zao la upandanishaji wa kawaida. Mtikiti wenye seti 4 za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, hupandanishwa na mtikiti wenye seti 2, na mmea unaozaliwa huwa na seti 3, idadi ambayo haigawiki sawasawa wakati wa kutengeneza mbegu, ndipo tunda likatoka na vikokwa vyeupe laini tu. Hakuna jeni, yaani kinasaba, ya kiumbe kingine iliyoingizwa humo. Kuku wa kisasa, ambao wengi wetu tunaamini kuwa "wametengenezwa", wamefikia ukuaji wao wa haraka kwa kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi na kwa kulishwa chakula chenye protini nyingi. Mchele, ambao ndio chakula chetu kikuu na ambao sehemu kubwa tunauagiza kutoka nje, haumo katika orodha ya mazao ya GMO yanayouzwa katika biashara ya kawaida ya kimataifa. Kwa papai jibu linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu papai la GMO lipo: wakulima wa Hawaii walianza kulilima mwaka 1998, baada ya virusi kuteketeza mashamba yao, kufuatia kazi ya mtaalamu Dennis Gonsalves na wenzake. Lakini mapapai ya masoko yetu hutoka katika mashamba ya hapa hapa na ya bara, ambako aina hiyo hailimwi.

Basi vipo wapi hivyo vyakula vya GMO? Mazao yanayotawala kilimo cha GMO duniani ni machache: soya, mahindi, pamba na kanola, mmea wa mbegu za mafuta. Soya inayolimwa Marekani, Brazil na Argentina karibu yote ni ya GMO, na soya ndiyo inayokamuliwa mafuta, ndiyo inayolishwa kuku, na ndiyo inayotiwa katika vyakula vingi vya pakiti. Nilichukua chupa ya mafuta ya kupikia iliyokuwepo jikoni kwetu nikaisoma neno kwa neno. Ilikuwa na picha ya samaki wa kukaanga, tarehe ya kumalizika muda, maelezo ya vitamini A iliyoongezwa, na maneno "mafuta ya mimea" kwa Kiingereza na Kiarabu. Mmea wenyewe haukutajwa. Inawezekana ni michikichi, ambayo GMO yake haiko katika biashara, inawezekana ni soya, na inawezekana ni mchanganyiko wa yote mawili. Shangazi yangu, mtu makini sana katika mambo ya chakula, hanunui tikiti lisilo na mbegu kwa sababu ya dhana aliyoisikia, na kila siku anakaangia mafuta ambayo hana njia ya kujua yametokana na nini. Simlaumu hata kidogo. Hakuna aliyempa nafasi ya kujua.

Tena chupa ni neema. Wengi wetu tunanunua mafuta ya kupima. Unapeleka chupa yako dukani, muuzaji anamimina kutoka kwenye dumu, unalipa, unaondoka. Unga na mchele vivyo hivyo, gunia limefunguliwa na kinachotoka ni kilo mbili ndani ya mfuko mtupu. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka sheria kwamba chakula chenye kiambato cha GMO kinachozidi asilimia 0.9 lazima kiandikwe, na Marekani imefanya uandikaji kuwa wa lazima tangu Januari 2022, ingawa iliyaacha nje mafuta yaliyosafishwa sana kwa kuwa ndani yake jeni iliyobadilishwa haionekani tena. Sheria hizo zote zinamfikiria mnunuzi mwenye pakiti mkononi. Mnunuzi wa Konde au Micheweni anayenunua kwa kipimo hafikiwi na maandishi hata yakiandikwa kwa ufasaha wa namna gani, na suala hili nitalirudia mbele kwa sababu naliona ndilo lililosahauliwa kuliko yote.

Watafiti wa nchi nyengine wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu, na baadhi ya waliyoyakuta yanafanana sana na ninayoyaona darasani. Mwezi Januari 2015, uchunguzi wa maoni uliofanywa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma uliwauliza Wamarekani kama wanaunga mkono sheria ya kuandika kwenye pakiti kila chakula chenye DNA, yaani kemikali ambayo jeni zimeandikwa ndani yake. Kiasi cha asilimia 80 waliunga mkono. DNA imo katika mchele, katika dagaa, katika mchicha na katika kila kilichowahi kuwa hai, kwa hiyo walichokuwa wakikitaka ni onyo juu ya chakula chote. Katika Ulaya, kwa miaka mingi watu waliulizwa kama ni kweli kwamba tungule za kawaida hazina jeni na kwamba zile zilizobadilishwa ndizo zenye jeni, na waliojibu kwa usahihi kuwa si kweli walikuwa chini ya nusu. Nimewahi kuliuliza swali hilo hilo kwa wanafunzi ambao wiki iliyotangulia walikuwa wamechora DNA vizuri kabisa katika madaftari yao, na wapo waliokubali kwamba tungule za kawaida hazina jeni. Walikuwa wanaijua DNA ya mtihani, lakini haijafika sokoni wala jikoni.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na Philip Fernbach na wenzake, uliofanywa Marekani, Ufaransa na Ujerumani, ulikuta kwamba kadiri mtu alivyozidi kuvipinga vyakula hivi ndivyo alivyozidi kujihesabu kuwa anavifahamu, na ndivyo alama zake katika maswali ya sayansi zilivyozidi kushuka. Matokeo hayo yametumiwa na watu wengi kuwadharau wapinzani, na mimi sikubaliani na matumizi hayo. Mtu anayejiona anajua hafungui sikio kwa mtu anayemdharau. Kwa mwalimu, funzo la utafiti huo ni kwamba kazi ya kwanza ni kumfanya mtu auone mwenyewe ukingo wa anachokijua, na hilo hufanyika kwa kumuuliza kwa heshima: hiyo jeni imetoka wapi, imeingizwaje, inafanya kazi gani ndani ya mmea? Mara nyingi mazungumzo hupoa yenyewe baada ya swali la pili, na ubishi hugeuka kuwa udadisi.

Kuna utafiti mwengine wa mwaka huo huo, ulioongozwa na Jonathon McPhetres wa Chuo Kikuu cha Rochester, ambao ulionesha kwamba ujuzi wa sayansi ya GMO kwa hasa, mbali na ujuzi wa sayansi kwa jumla, unakwenda pamoja na mtazamo mwema zaidi. Wanafunzi waliofundishwa namna ubadilishaji wa vinasaba unavyofanyika, kwa muda wa wiki 5, waliona hatari kuwa ndogo zaidi na wakawa tayari zaidi kuvila vyakula hivyo. Naupenda utafiti huo kwa sababu unaonesha kuwa kufundisha kunafaa. Hata hivyo hautoshi kwa mazingira yetu. Katika darasa la chuo kikuu mwanafunzi anamuamini mwalimu tangu mwanzo. Barazani hakuna dhamana hiyo, na mtu akiambiwa jambo kuhusu chakula chake hutaka kwanza kujua anayemwambia analipwa na nani.

Jimbo la Vermont, Marekani, lilitoa ushahidi wa aina nyengine. Mwezi Julai 2016 jimbo hilo lilianza kulazimisha vyakula vya GMO viandikwe, na wengi wa wafanyabiashara waliogopa kwamba maandishi yatawatisha watu. Watafiti Jane Kolodinsky na Jayson Lusk walipolinganisha maoni ya watu wa Vermont na ya Marekani kwengineko, kabla ya sheria na baada yake, walikuta upinzani Vermont umepungua kwa asilimia 19. Hakuna aliyekuwa amewahutubia. Walipewa tu uwezo wa kuona na kuchagua, na hofu ikapungua. Kwangu mimi hili ndilo jambo kuu katika mada nzima: ujuzi unaobadilisha moyo wa mlaji ni ule unaomwachia uamuzi mkononi mwake. Ujuzi unaokuja baada ya uamuzi kufanywa na wengine, kisha yeye akatakiwa atulizwe tu, humzidishia shaka, na shaka hiyo ina haki.

Tumeyaona matokeo ya kinyume chake karibu yetu. Mwezi Septemba 2012, mtafiti wa Kifaransa Gilles-Éric Séralini alichapisha makala kuhusu panya waliolishwa mahindi ya GMO, ikiwa na picha za panya wenye uvimbe mkubwa wa kutisha. Mwezi Novemba mwaka huo serikali ya Kenya ikapiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO. Wanasayansi wengi waliipinga makala hiyo: panya walikuwa wachache katika kila kundi, na walikuwa wa aina ambayo hupata uvimbe kwa wingi wanapozeeka hata wakilishwa chakula cha kawaida. Novemba 2013 jarida lililoichapisha likaiondoa, na mwaka uliofuata ikachapishwa upya na jarida jengine. Marufuku ya Kenya ilibaki mpaka Oktoba 2022, na ilipoondolewa mabishano yakahamia mahakamani. Picha za wale panya bado zinatembea katika simu za watu hapa Pemba. Nimeletewa na wazazi, nimeletewa na wanafunzi, kila mara zikiwa na sauti ya mtu asiyejulikana juu yake. Habari ya kuondolewa kwa makala haikuja na picha, kwa hiyo haikusafiri.

Bara nako mlaji amekuwa akiyasikia maamuzi bila ya kuyasikia maelezo. Majaribio ya shambani ya mahindi yanayostahimili ukame yalianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016. Mwaka 2018 serikali iliamuru yasitishwe na mabaki yake yaharibiwe, na mwaka 2021 utafiti wa aina hiyo ukafutwa. Inawezekana uamuzi ulikuwa na sababu nzito, na sitaki kuuhukumu kutoka mbali. Ninachokisema ni kwamba mtu wa kawaida aliyesikia taarifa katika redio alibaki na dhana moja tu, kwamba kama kimeharibiwa basi ni sumu. Tukumbuke kwamba kilimo na mazingira si mambo ya Muungano, hivyo Zanzibar ina jukumu lake yenyewe la kuwaeleza watu wake, wala haitoshi kungojea maelezo yavuke bahari.

Katika Zanzibar liko swali linalotangulia la usalama wa mwili, nalo ni la halali na haramu. Mtu wa hapa akisikia kwamba jeni ya kiumbe kimoja imetiwa katika kiumbe chengine, huuliza kiumbe gani. Ni swali zuri kabisa, na wataalamu wengi wanaokuja na vipeperushi huwa hawana jibu lake kwa sababu hawakulitarajia. Jibu lipo. Katika mahindi ya Bt, jeni imetoka kwa bakteria wa udongo aitwaye Bacillus thuringiensis, ambaye protini yake huua viwavi kwa kujishikiza katika matumbo yao, mahali ambapo matumbo yetu hayana pa kushikiza. Bakteria huyo huyo hupuliziwa mimea kama dawa hata na wakulima wa kilimo hai. Katika papai la Hawaii, kipande kilichotiwa kimetoka kwa virusi wa papai lenyewe. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa mwaka 2013 iliyoruhusu vyakula vya namna hii kwa masharti, miongoni mwake viwe na manfaa, visidhuru, na chanzo cha jeni kisiwe cha haramu. Ningefarijika sana kuona maulamaa wetu, kwa uongozi wa Ofisi ya Mufti, wakilikalia suala hili pamoja na wanasayansi kabla halijageuka fitina, maana hutuba moja ya Ijumaa iliyoandaliwa kwa elimu inawafikia watu wengi kuliko semina zote za hotelini.

Hapa huwa natoa mfano wa insulini, na sijaona mfano unaowashika wasikilizaji kuliko huo. Karibu kila mtaa wetu una mgonjwa wa sukari anayechoma sindano. Zamani dawa hiyo ilikamuliwa kutoka katika kongosho za nguruwe na ng'ombe. Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha insulini iliyotengenezwa na bakteria aliyetiwa jeni ya binadamu ya kutengeneza insulini, na tangu hapo ulimwengu kwa sehemu kubwa umeiacha ile ya nguruwe. Yaani teknolojia hii tunayoihofia kwa jina la haramu ndiyo iliyowaondolea Waislamu wagonjwa dhiki ya haramu. Chachu ya kugandishia jibini nayo, ambayo ilikuwa ikitolewa katika tumbo la ndama, tangu mwaka 1990 imeanza kutengenezwa na vijidudu vilivyobadilishwa. Nilipoyaeleza haya katika kikao cha wazazi, mama mmoja mtu mzima aliniuliza, "Maalim, kwa hiyo hii sindano yangu nayo ni GMO?" Nikamjibu kuwa dawa iliyomo imetengenezwa na kijidudu cha GMO, kisha ikasafishwa. Alinyamaza, akafikiri, kisha akauliza swali ambalo nalikumbuka kwa heshima: "Na nani aliyeikagua?"

Swali lake ndilo linalotakiwa, na jibu lake la kweli lina pande mbili. Mwaka 2016 Taasisi za Taifa za Sayansi za Marekani zilitoa ripoti kubwa iliyopitia ushahidi wa miaka mingi, na haikukuta ushahidi thabiti kwamba vyakula vya mazao ya GMO yaliyokwisha kuidhinishwa vinamdhuru mlaji kuliko vile vya kawaida. Shirika la Afya Duniani nalo linasema kuwa vile vilivyopo katika soko la kimataifa vimepita tathmini za usalama, na kwamba kila kimoja kichunguzwe peke yake. Huo ndio msimamo wa wanasayansi walio wengi, na katika uchunguzi wa taasisi ya utafiti wa maoni ya Pew uliochapishwa mwaka 2015, asilimia 88 ya wanachama wa jumuiya kubwa ya wanasayansi wa Marekani walisema ni salama kuvila, wakati katika watu wa kawaida waliosema hivyo walikuwa asilimia 37.

Upande wa pili lazima usemwe na mtu yule yule, katika kikao kile kile, la sivyo wasikilizaji watausikia kwa mwengine na watamwona wa kwanza kuwa mdanganyifu. Kampuni ya Pioneer iliwahi kutia katika soya jeni ya njugu za Brazil ili kuongeza protini, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 1996 yakaonesha kwamba watu wenye mzio wa njugu hizo wangedhurika na soya hiyo. Mradi ukaachwa. Mwaka 2000 mahindi ya StarLink, yaliyoruhusiwa kwa mifugo tu kwa sababu suala la mzio lilikuwa halijamalizika, yalikutwa katika vyakula vya watu nchini Marekani, na bidhaa nyingi zikarudishwa kutoka madukani. Afrika ya Kusini ilitoa taarifa mwaka 2007 za viwavi vya bua la mahindi vilivyozoea Bt na kutokufa tena. Na juu ya yote kuna umiliki wa mbegu, ambao kwa mkulima ni jambo zito kuliko jeni yenyewe. Mlaji akiyajua haya haogopi ovyo. Anaelewa kwamba "GMO" si kitu kimoja cha kukubaliwa au kukataliwa chote kwa mpigo, na kwamba yapo maswali ya kuuliza kwa kila zao.

Nathubutu kusema kwamba watu wetu hawana uadui na sayansi ya mbegu. Watafiti wa kilimo wa Zanzibar, wakisaidiwa na Shirika la Nguvu za Atomiki la Kimataifa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, walizalisha mpunga wa SUPA BC kutokana na mbegu zilizopigwa mionzi ili jeni zake zibadilike, kisha wakachagua mimea iliyofaa. Njia hiyo haihesabiwi kuwa GMO kwa sheria za nchi nyingi, ingawa mabadiliko yake katika jeni hayapangwi kama yanavyopangwa maabara. Mkulima aliyeupanda aliuangalia shambani, akauvuna, akaupika na akaamua. Alikuwa na bwana shamba wa kumuuliza na jirani wa kulinganisha naye.

Nalitaja hilo kwa sababu mtihani wetu wa kweli, kwa maoni yangu, hautakuja kwa njia ya mafuta wala mahindi. Utakuja kwa njia ya muhogo. Anayepika muhogo hapa ameshaliona balaa lenyewe: umechimba muhogo mzuri kwa nje, majani yake yalikuwa ya kijani, ukimenya unakuta madoa ya kahawia, makavu, magumu kama gome, yamepenya mpaka katikati, ukikata kipande cha pili ni vivyo hivyo, na katika fungu zima unapata vipande vichache vya kutia chunguni. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao H. H. Storey aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1936 akiwa Amani, katika milima ya Usambara, na ambao umeukaa mwambao huu miaka yote. Watafiti wetu walishatoa aina zinazouvumilia, kama vile Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, kwa upandanishaji wa kawaida. Lakini mwezi Juni 2021 mamlaka ya usalama wa viumbe ya Kenya iliidhinisha aina ya muhogo wa GMO unaoukinza ugonjwa huo, ambao umetiwa kipande cha jeni ya virusi vyenyewe ili mmea uwatambue na kuwanyamazisha kabla hawajazaliana.

Muhogo haununuliwi mbegu dukani. Jirani humkatia jirani vipande vya mti, mgeni hurudi navyo kutoka harusini, na ndani ya miaka michache aina moja imeenea kisiwa kizima bila ya pakiti wala maandishi. Muhogo huo ukija, kwa njia rasmi au kwa njia ya ndugu, hakutakuwa na lebo ya kumsaidia mlaji, kama ambavyo hakuna lebo katika mafuta ya kupima. Kitakachomsaidia ni kile ambacho tayari kimo kichwani mwake na kichwani mwa anayemuuzia.

Ndiyo maana naona kazi ianze sasa, na ianze mahali panapoonekana padogo. Muuza duka wa jumla anayefungua dumu atakiwe kulijua zao lililotoa mafuta na kulitaja kwa kibao, na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, wanaokagua mzigo unapoingia, waidai taarifa hiyo kwa muagizaji ili imfikie muuzaji kwa Kiswahili. Sisi walimu tuifundishe mada ya urithi tukiwa na muhogo na tungule mezani, na mwanafunzi atumwe nyumbani akasome chupa ya mafuta ya mama yake. Redio za jamii ziwaweke mtafiti wa kilimo na sheikh katika kipindi kimoja, wapokee simu za wasikilizaji, na wasikatishane. Na kuhusu muhogo, kila shehia ipatiwe mapema majibu ya maswali manne: jeni imetoka kwa kiumbe gani, nani aliyeukagua na kwa muda gani, mkulima ana ruhusa ya kumkatia jirani yake vipande vya mti au hana, na aliyekwisha kuupanda akiona tatizo amwendee nani. Majibu hayo yaandikwe kwa lugha tunayozungumza, yabandikwe katika ofisi ya sheha, na yasomwe kwa sauti mbele ya watu kabla kipande cha kwanza hakijatiwa ardhini.